Vitambaa vya Kuazima

Niliporudi Ifakara kutoka pwani, miaka michache baada ya Vita vya Maji Maji, nilikuwa na kanzu nyeupe na cheti cha uuguzi chenye mhuri wa Wajerumani. Hakuna mwingine pale aliyekuwa nacho. Watu walisema, "Huyu tunamjua. Hata kuku hajui kumfunga mguu."

Nilianza na watoto. Kina mama waliwaleta wenye matege, nami nikawatembeza juu ya tope la mto Kilombero na kusoma nyayo zao. Wengi niliwarudisha nyumbani, kwa kuwa miguu ingenyooka yenyewe. Mmoja sikumrudisha. Alikuwa binti wa mjane, hajaanza kutembea, unyayo wake wa kulia umegeukia ndani kama kiganja kinachochota maji. Asingenyooshwa mapema, angekanyaga kwa ubavu wa mguu maisha yake yote.

Hospitalini pwani tulitumia plasta. Hapa sikuwa nayo, na nguo zilikuwa adimu tangu vita. Nikaazima vipande vya kaniki kwa majirani, nikaahidi kuvirudisha.

"Shikamoo, bibi," nilimwambia jirani wa mwisho.

"Marahaba. Na ukikipoteza nitavaa nini, cheti chako?"

Lakini alichana upindo, akanipa.

Nilivichovya vitambaa katika uji mzito wa mchele ili vikauke viwe vigumu, nikaunyoosha mguu kidogo, nikaufunga. Siku ya tatu mjane akaja mbio. Mtoto alikuwa amelala uani, na kuku walikuwa wamedonoa uji wote. Kipande cha bibi, kilichokuwa juu, kilibaki nyuzi.

"Daktari amefunga, kuku wamefungua!" bibi alipaza sauti.

Mwingine angeacha. Mimi nilifunga upya, nikapaka nta ya nyuki juu. Kila wiki nilifungua, nikanyoosha kidogo zaidi, nikafunga tena.

Maji ya masika yalipopungua mwaka uliofuata, nilimsimamisha mtoto topeni. Alipiga hatua nne, akaanguka, akalia. Mama yake alimkimbilia. Mimi niliinama kwenye alama za mguu wa kulia. Kisigino kilikuwepo katika zote.

Siku hiyohiyo nilichemsha vitambaa kuondoa nta, na vilipokauka nikavirudisha nyumba kwa nyumba. Cha bibi hakikuwepo cha kurudisha. Nikakata upindo wa kanzu yangu ya pwani, nikampelekea. Aliupima kwa shubiri, akarudia.

"Umezidisha."

"Najua," nikasema.