Nyumba za Karanga na Jina Nililoshindwa Kulitaja

Mwaka huu nilikodi fremu ya duka pale sokoni Ruangwa ili nihamishie cherehani zangu. Mwenye jengo alihangaika na kufuli lenye kutu mpaka jasho likamtoka. Mlango ulipokubali, harufu ikatupiga usoni: mavi ya popo, saruji ya zamani iliyolowa, na lile joto la chumba kisichoingiwa na mtu. Akaziba pua, akaanza kuniomba radhi. Mimi nikavuta pumzi ndefu, nikavuta na ya pili. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. Angejua! Nilikuwa nimerudi Nachingwea, nina miaka kumi, nimekaa sakafuni katika nyumba ya Wazungu waliokwisha ondoka.

Mimi ni mzaliwa wa Likunja, huku huku Ruangwa, kwa watu wa mihogo, ufuta na mikorosho. Baba alipofariki, mama aliolewa Mbwemkuru. Baba wa kambo alikuwa mtu mwema, sina la kumsema, ila nyumba yake ilikuwa imejaa watoto kama kapu la soko. Ikaamuliwa niende Nachingwea kwa shangazi. Nasema ikaamuliwa kwa sababu mpaka leo sijampata mtu anayekubali kwamba aliamua yeye. Nilifungiwa nguo zangu kwenye kanga, nikapakiwa kwenye gari la magunia, na mama akanipungia mkono huku amegeuza uso.

Shangazi alikuwa mjane, muuza vitumbua, mkali wa mdomo na mwepesi wa kupakua. Hakunipiga hata siku moja na hakuninyima chakula. Lakini alikuwa mtu wa kulala mapema na kuamka alfajiri, na katikati ya hapo maneno yake kwangu yalikuwa "kanawe," "kalete maji," na "we mtoto, umenuna nini?" Shuleni hakuna aliyeniita Hadija. Waliniita Ruangwa. "We Ruangwa, futa ubao." Wakati wa mapumziko nilikuwa nakwenda bombani kunywa maji mara nne, mara tano, si kwa kiu, bali ili nionekane nina safari. Nilikuwa mpweke, jamani. Sina neno jingine la kupambia.

Aliyenitoa bombani ni Mashaka. Alikuwa darasani kwetu, mwembamba, masikio yamesimama, na siku moja alinikuta nakunywa maji ya tano akasema, "Hadija, utapasuka. Njoo nikuonyeshe mji." Nilishtuka si kwa mji, nilishtuka kwa kuitwa jina langu. Pamoja naye alikuwa binamu yake, Somoe, mtoto wa kike mwenye kicheko cha kuamsha kuku.

Kwa mtoto wa Likunja, Nachingwea ilikuwa jiji. Mimi niliona barabara, maduka na taa. Mashaka aliniambia hilo ni ganda tu, mji wenyewe umejificha ndani. Babu yake alikuwa fundi mwashi, tangu ujana wake, enzi zile Wazungu walipokuja kulima karanga. Walifyeka pori, wakajenga nyumba, gereji, matangi, wakaleta na reli. Karanga zikagoma. Wakafunga virago wakaondoka, reli ikang'olewa, na majumba yakabaki yanatazamana. Mengine yalipata wenyewe, mengine yakapata popo.

Basi kila siku baada ya shule tukawa tunautafuta mji ule. Mashaka alikuwa na jiwe lake la mviringo, anagonga kuta. Ukuta wa enzi za karanga, alisema, unajibu "ko," kama mtu mzima aliyeitikia hodi. Ukuta wa juzi unajibu "po," maana mchanga umezidi saruji. Tuligonga mji mzima. Tulifukuzwa nyuma ya maduka, tukatukanwa na bibi mmoja aliyedhani tunaita majini. Tulitembea juu ya tuta la reli isiyokuwa na reli, Somoe mbele akipiga honi ya treni ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia. Tuliingia kwenye mashimo ya gereji, ambamo mafundi walikuwa wakisimama chini ya magari. Mashaka alihesabu hatua na kuchora kila kitu nyuma ya daftari la hisabati, mpaka hisabati ikakosa nafasi.

Nyumba tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa nje kidogo, njia ya kwendea mikoroshoni. Watu walisema ilikuwa mahali pa Wazungu kunywea na kucheza muziki. Paa lilikuwa limekwenda nusu. Ndani, ukutani, kulikuwa na tundu kubwa jeusi lenye bomba la kupandisha moshi juu. Tulibishana juu ya tundu lile wiki nzima. Somoe alisema ni tanuri la mikate. Mimi nikasema ni mahali pa kuficha bunduki. Mashaka akaenda kumuuliza babu yake, akarudi anacheka: "Ni pa kuotea moto. Kwao kuna baridi."

"Nachingwea hii hii?" Somoe akauliza. "Waote moto wa nini, na jua hili?"

"Babu anasema aliyejengesha hakuwahi kuliwasha hata siku moja. Alikuwa anakaa tu mbele yake jioni."

Somoe alicheka mpaka akalala chini. Mimi sikucheka. Nilimwelewa yule Mzungu kabisa, nikamwonea huruma. Mashaka akaniangalia, akaacha kucheka na yeye, wala hakuniuliza kitu. Ndivyo alivyokuwa.

Babu alikuwa amemwambia pia kwamba chini ya nyumba ile kuna chumba cha kuwekea vinywaji, na mlango wake aliuziba yeye mwenyewe kwa mkono wake baada ya Wazungu kuondoka. Wapi hasa, mzee hakumbuki. Tuligonga sakafu chumba kwa chumba, hatukuupata. Likizo ya mwezi wa sita ikafika. Mavuno yalikuwa yamekwisha, ngoma zimeanza kulia kila upande, na Mashaka akaambiwa mwaka huu ni zamu yake, anakwenda jandoni Chiola kwa wajomba. Somoe naye akaenda huko huko kusaidia kupika. "Nikirudi tutaupata," Mashaka aliniambia, akanikabidhi jiwe.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Nilikwenda kwenye nyumba ile peke yangu, nikigonga. Nilikuwa nikiongea kwa sauti, nawajibia wenzangu, nacheka kicheko cha Somoe, halafu nanyamaza kwa aibu. Na siku moja, nyuma ya tundu la moto, sakafu ikajibu "po." Niligonga tena. Po! Nilikwaruza vumbi kwa kucha mpaka nikaona pembe ya mlango uliozibwa. Nilipiga kelele peke yangu, popo wakatawanyika. Sikuufungua. Ningefunguaje bila wao? Nikaufunika tena kwa vumbi, nikaanza kuhesabu siku.

Siku ya kutoka wali, yaani vijana waliokwisha kupita jando, mtaa mzima ulikusanyika. Waliletwa kwa gari, wakashuka wamepanga mstari, shuka mpya, miwani myeusi, miavuli juu, vichwa vinang'aa mafuta. Ngoma, vigelegele, vumbi. Nikapenya katikati ya makalio ya akina mama. Nikamtambua Mashaka kwa masikio yake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sote kusini tunajua hili, na mimi nililijua, msinione mjinga. Mtoto anayekwenda jandoni analiacha jina lake kule. Kambi inachomwa moto, na jina linaungua humo pamoja na matambara aliyolalia. Anarudi na jina jipya, na kumwita kwa lile la zamani ni kumvua nguo mbele za watu. Hata mama yake mzazi halitaji. Nililijua kama ninavyojua kuvaa viatu. Lakini furaha haina akili.

"Mashaka!" nikapiga kelele. "Mashaka we! Nimeupata mlango!"

Ngoma iliendelea, wapigaji walikuwa mbali. Ila wanawake walionizunguka waligeuka wote kunitazama. Somoe akaniziba mdomo, kachelewa. Mashaka hakugeuka. Shingo yake tu ndiyo ilikaza. Mama yake akaja amenitolea macho: "Mtoto wa nani huyu asiye na adabu? Anataka kumrudisha mwanangu kwenye utoto?" Mtu mmoja akajibu, "Wa kuja huyo, wa Ruangwa." Kana kwamba Ruangwa hawana jando!

Shangazi alinitoa pale kwa sikio. Jioni ile alimkamata tetea wake mmoja, yule wa madoa aliyekuwa akitaga vizuri, akaenda naye kuomba radhi, mimi nyuma yake nakokota miguu. Kuku akapokelewa, radhi ikapokelewa. Njiani akaniambia, "Ulimi hauna mfupa, Hadija, ndiyo maana tumewekewa meno ya kuuzuia. Lile jina limekufa. Sasa anaitwa Rashidi. Ukilitaja tena lile, sina kuku mwingine."

Nilijizoeza. Haki ya Mungu nilijizoeza. Nikiosha vyombo naiita sufuria Rashidi, nikifagia nauita ufagio Rashidi. Lakini kila nikifungua mdomo haraka, lililotangulia lilikuwa lile la zamani, limesimama mlangoni. Nikapata hofu. Nikaona dawa ni moja: nisimwite kabisa. Shuleni nikimwona nakata kona. Nikarudi bombani kwangu, mara nne, mara tano. Naye alikuwa kijana sasa, nikajiambia, hawezi kucheza na watoto wa kike, na akiniangalia ananiangalia kwa hasira.

Alasiri moja nilikuwa ndani ya nyumba ile, nimekaa mbele ya tundu la moto. Nikasikia nyayo nje. Kisha ukutani: ko, ko, ko.

"Hadija," akasema. "Upo humo?"

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili, kwa sababu lile jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Mimi hapa," akasema. Akangoja. "Hadija, ni mimi."

Angesema tu ni Rashidi, labda ningeitikia. Hakulisema. Nilisikia anavyopumua upande wa pili wa ukuta, na nadhani naye alinisikia. Alingoja sana. Jua lilihama kutoka kwenye dirisha moja mpaka jingine. Halafu nyayo zikaondoka, si za haraka, na mimi nikalia kama mtoto aliyepigwa, wakati hakuna aliyenigusa.

Mwisho wa mwaka mama alikuja kunichukua. Mlango wa chini hatukuufungua. Nasikia kiwanja kile kimejengwa nyumba nyingine na sakafu yote imevunjwa, sijui walikuta nini.

Mwaka juzi shangazi alifariki, nikaenda kumzika. Baada ya mazishi wanaume walipita kutoa pole, na mmoja akasimama mbele yangu, mrefu, ndevu za mvi chache, masikio yale yale. "Pole, Hadija," akasema. "Mama wa wote yule." Nikasema, "Ahsante, kaka." Akasimama kidogo, mfano wa mtu anayejaribu kukumbuka alichosahau kuchukua, kisha akaondoka.

Somoe, mama mtu mzima sasa, tulikuwa naye jikoni kwenye msiba tunachambua mchele. Akaniambia bila hata kuinua kichwa, "Mpaka leo unamwita kaka tu? Wewe una roho ngumu."

Nikamwambia nilivyoogopa kukosea. Akaacha mchele.

"Si wewe tu uliyeogopa," akasema. "Baada ya kelele zako zile na yule kuku, darasa zima liliogopa. Hakuna aliyetaka kutozwa tetea. Wakawa wanamwambia 'wewe,' 'oya,' 'kijana.' Mtoto wa watu muhula mzima hana jina. Nyumbani nako alishatolewa chumbani kwa mama yake, analala chumba cha nje. Akaniambia, 'Hadija atanizoea, yule anajua kukaa bila kuitwa jina.' Akawa anakufuata. Alitaka umwite mara moja tu, alisikie lile jina jipya kwa mtu anayemjua, aone kama linamkaa."

Mimi ni fundi nguo. Najua nguo mpya inavyompwaya mtoto, na inavyotaka mtu wa kumwambia imekupendeza. Miaka yote ile nilijihesabia upweke wangu. Nilidhani aliyeachwa katika nyumba ile ni mmoja, na ni mimi. Kumbe kulikuwa na mpweke mwingine nje, na wa ndani ndiye aliyekuwa na kitu cha kumpa.

Nilimwaga mchele, nikatoka mbio na kanga ikiburuta. Somoe akanipigia kelele kwamba ameshaondoka, anawahi Chiola. Nikafika barabarani hata hivyo. Pikipiki moja ilikuwa inakunja kona ya mbali, siwezi kuapa kwamba ni yeye. Nikajaza kifua, nikaita.

"Rashidi!"

Likatoka sawasawa, la kwanza, bila kugombana na lolote. Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa kijiweni wakageuka pamoja, maana kina Rashidi kwetu ni wengi. "Naam, mama? Twende wapi?"

"Samahani, wanangu," nikawaambia. "Si ninyi."