Mama anayelipwa kuzurura, na mji wake usio na watoto

Saa tatu asubuhi, jua limeshaanza kuchoma, na mwanamke mwenye gauni la bluu lililopauka amesimama mbele ya kibanda cha fundi viatu. Hana kiatu kibovu. Hana mfuko, hana simu mkononi, na hamsubiri mtu.

Fundi anainua kichwa. "Mama, nikusaidie nini?"

"Hakuna, baba. Napunga upepo tu."

"Upepo gani hapa kwenye harufu ya gundi?"

Fundi anacheka, anarudi kwenye soli yake. Anapaka gundi kwa kidole badala ya brashi, kisha anakifuta kidole hicho kwenye goti la suruali, mahali palepale kila mara, hadi kitambaa kimekuwa kigumu kama ubao. Mwanamke analitazama lile goti kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Halafu anaondoka taratibu, na kwenye njia panda anafuata upande wenye kivuli.

Yuko kazini.

Mtaani kwake wanamwita Mama Mizunguko. Kwa mwaka wa tatu sasa anapokea mshahara kutoka kwa mtunzi mmoja wa vitabu, mzee aliyepooza upande wa kulia, ili azunguke mjini bila shughuli yoyote, kisha arudi amsimulie alichokiona. Mzee anakaa dirishani kwenye kiti cha magurudumu, na dirisha lenyewe linatazamana na ukuta wa jirani. Mji wote unaomfikia siku hizi unapitia mdomoni kwa mama huyu.

Mshahara haufiki nusu ya ule wa mlinzi wa benki, lakini unalipa chumba na unatosha chakula. Tatizo lake ni kuueleza. Alipojiunga na kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, katibu alimuuliza kazi yake, naye akajibu kweli tupu: "Kuzurura." Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Katibu akaandika "biashara ndogondogo."

"Kuna waliosema mimi ni mpelelezi," anasema. "Wauza matunda walidhani natoka manispaa, wakawa wananiongezea embe moja kila nikipita. Kaka yangu ndiye mbaya zaidi. Kila tukikutana ananiambia mtembezi hula miguu yake. Namwambia, kaka, mimi miguu yangu ndiyo inayonilisha."

Mwandishi wa makala haya, aliyezoea kufika mahali na maswali mengi mkononi, alikubaliwa kumfuata kwa sharti moja: asimuulize mtu yeyote kitu chochote. Ni sheria ya mzee. Mzururaji haulizi, haandiki, na hatoki nyumbani akiwa na mahali anapokwenda.

Sheria hizo hazikuingia kichwani kwa siku moja. Wiki ya kwanza Mama Mizunguko alitoka akitafuta mambo makubwa, maana aliona aibu kula mshahara wa bure. Akarudi na mwizi aliyekimbizwa sokoni, na wanawake wawili waliovuana vilemba kituoni. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Hayo ulikwenda kuyatafuta. Mimi niletee yaliyokukuta."

"Nikaondoka nimenuna," anakumbuka huku akicheka. "Nilisema huyu mzee ana wazimu. Yaliyonikuta si ni jua na vumbi?"

Kilichomkuta siku iliyofuata ni mwanamke aliyesimama mbele ya kioo cha duka la vitambaa akivaa hereni moja. Ya pili hakuwa nayo. Aliigeuza shingo, akajitazama upande wenye hereni, akatabasamu, kisha akavuka barabara akimwonyesha mtu wa ng'ambo upande huohuo mmoja. Mzee aliposimuliwa, aliomba aletewe karatasi. Kutokana na hereni ile alipata hadithi ya kurasa arobaini, aliyoiandika kwa mkono wa kushoto.

Tangu hapo wakaelewana. Akirudi anaanza na mikono ya watu, kwa sababu mzee anaamini uso unaweza kujizuia lakini mikono haiwezi. Ndivyo alivyomletea muuza makava ya simu ambaye hufuta midomo kabla ya kumpigia mkewe, na bibi wa duka la dawa aliyeuliza bei, akaomba apewe nusu ya dozi, kisha akamshukuru muuzaji mara mbili.

Tulitembea hadi mchana. Macho hayana pazia, na mimi nikamtazama huyo mtazamaji. Alikuwa hodari kweli. Aliona kondakta akihamisha pete kutoka kidole kimoja hadi kingine. Aliona babu mmoja aliyekuwa akinusa mkate kabla ya kuulipia. Lakini wanafunzi wadogo walipotokea uchochoroni, mabegi yakiwapiga mgongoni, alitazama juu akasoma bango la fundi umeme. Kundi la pili lilipopita aliinama kurekebisha kandambili, na kandambili haikuwa na kasoro. Nikakumbuka nimepigwa marufuku kuuliza.

Binti wa mzee, mhasibu anayekuja kila jioni kumwona baba yake, ndiye aliyenieleza mchana huo, nilipompitia ofisini Mama akipumzika kivulini. Mama Mizunguko alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za nyumba kadhaa, ikiwamo ya mzee. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike wa miaka saba. Mtoto alirudi kutoka shuleni na homa, akalazwa, na kulipokucha siku ya tatu hakuwepo.

"Baada ya msiba aliacha kazi zote," anasema binti. "Baba akawa anamwona anapita barabarani asubuhi, mchana anapita tena, jioni tena. Wakati huo kitanda chake kilikuwa upande wa mbele. Akaniambia, mwite yule mama. Nikamwambia, baba, yule hana anakokwenda. Akasema, ndiyo maana namtaka."

Mwenyewe anasema nyumba ilimkataa. "Ukikaa unasikia kikombe chake, unasikia ndala zake. Nikitoka napata nafuu. Watu walisema nimechanganyikiwa. Labda ni kweli. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hao wengine wacha waseme."

Mzee alimpa mizunguko ile jina la kazi, na kwa kweli ilimwinua. Alianza kula. Alianza kutaniana na watu.

Halafu mwaka jana mzee alimsomea kurasa za kitabu chake kipya, kitabu kinachohusu mji mmoja na watu wake, ambacho karibu chote kimetokana na masimulizi yake. Alipofika mwisho aliweka karatasi mapajani akauliza kwa upole, "Mwanangu, mbona mji huu hauna watoto?"

"Nikamjibu, watoto wako shuleni," anasema mama.

"Hata Jumapili?" mzee akauliza.

Mama Mizunguko aliondoka bila kuaga na hakuonekana wiki nzima. Aliporudi, mzee hakumlaumu wala hakulirudia lile swali. Ila kila siku, masimulizi yakiisha, huuliza jambo moja tu, "Na mtoto?" Naye hujibu, "Leo hakuna, Mzee."

Kitabu kimesimama hapo. Imebaki sura ya mwisho, na mzee hataki kuiandika bila mtoto, wala hataki kumtunga wa kichwani. Mwezi uliopita alipata kiharusi kingine. Daktari alimweleza binti waziwazi kwamba cha tatu hakitamwacha.

"Nimemsihi," anasema binti, na machozi yanamlengalenga. "Baba, weka mtoto yeyote, nani atajua? Ananiambia, yeye atajua. Basi namwonea huruma baba, na yule mama namwonea huruma vilevile. Siwezi kumlazimisha. Nani ana moyo huo?"

Tulirudi saa nane. Chumba cha mzee kina harufu ya dawa ya kuchulia, vitabu vimepangwa hadi chini ya kitanda, na kwenye meza kuna glasi yenye mrija. Mama Mizunguko alinawa miguu nje, akaingia, akaketi kwenye kigoda mbele ya kiti cha magurudumu. Akaanza na kidole cha fundi viatu. Mzee alifumba macho. Kwenye goti gumu kama ubao alitabasamu kwa nusu ya mdomo inayomtii.

Masimulizi yakaisha. 

"Na mtoto?" akauliza mzee. Maneno yake siku hizi hutoka kwa shida.

Mama alitazama mikono yake mwenyewe. Nilisubiri jibu nililoambiwa nitalisikia.

"Yupo mmoja," akasema. "Ila si wa leo."

Mzee alifumbua macho.

"Siku aliyopatwa na homa, asubuhi, mimi nilikuwa napiga pasi mashati ya watu. Nimechelewa. Yeye yuko mlangoni anavaa viatu. Kila siku nilikuwa namfunga mimi kamba, maana alikuwa hajui. Siku hiyo kimya. Halafu akasema, mama tazama, nimefunga mwenyewe." "Nikamwambia, nimeona, hongera. Sikuinua kichwa, Mzee. Nilikuwa kwenye kola ya shati la mtu. Nilisema nimeona, na sikuona."

"Fundo lilikuwaje?" aliuliza mzee polepole. Ndilo swali ambalo angemuuliza siku yoyote.

"Sijui! Ndiyo nakwambia, sijui!" Sauti ilimkatika. "Aliporudi jioni alikuwa amebebwa, viatu ameshavuliwa. Namjua mwanamke mwenye hereni moja, namjua fundi na kidole chake. Fundo la mwanangu silijui. Nitamtazamaje mtoto wa mwenzangu?"

Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekibana miaka. Mimi nilitazama ukuta wa jirani kupitia dirishani, kwa sababu nami nina binti. Mzee hakuomba karatasi. Aliunyosha mkono wake wa kushoto, ule anaoandikia, akaushika mkono wa mama, na wakakaa hivyo mpaka kilio kikapungua chenyewe.

"Hilo usiandike," mama akasema hatimaye, akijifuta kwa pindo la gauni.

"Siandiki," akajibu mzee. "Hilo ni lako."

Nilimsindikiza hadi barabarani, na huko akaniruhusu mimi niliandike, mradi lisiingie kitabuni. Marufuku ya kuuliza ilikuwa ya kazini, na kazi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nikamuuliza atafanya nini sasa, na kitabu kimebaki vile na afya ya mzee ndiyo hiyo.

 Akasema shule zimefunga kwa mapumziko mafupi na zitafunguliwa Jumatatu, wale wanafunzi tuliowaona walikuwa wanatoka masomo ya ziada. Jumatatu atakwenda kusimama kwenye geti la shule aliyosoma binti yake, saa ile wadogo wanapotoka. Hajapita njia hiyo tangu mazishi.

"Mzee anaweza kungoja mpaka Jumatatu?" nikauliza, na papo hapo nikajuta.

"Sijui. Namwomba Mungu." Alisimama. "Naogopa, usidhani siogopi. Pengine nitafika getini nigeuze. Lakini mtoto mdogo, hata kama hakujui, anaweza kukuambia tu, mama tazama. Akitokea mmoja akaniambia hivyo, wa mtu yeyote, nitainua kichwa."