Walisema Rili Ile ni ya Wenye Gumba

Saa nne asubuhi, siku ya kazi, mwenye duka aliuona mkono wangu wa kulia juu ya meza yake, akainuka, akageuza kibao cha mlangoni.

IMEFUNGWA.

Na mimi nikiwa ndani!

"Dada, samahani, leo hatuuzi," akasema.

"Hamuuzi nini?"

"Hatuuzi chochote."

Nyuma yake fimbo za kuvulia samaki zimejipanga ukutani. Sekunde chache zilizopita mteja ametoka na mfuko wake, nimempisha mlangoni mwenyewe. Sikuwa naota.

Nikasema moyoni, leo hapa patachimbika. Nikavuta kiti, nikaketi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni mfanyakazi wa kiwanda cha maboksi. Miaka miwili kabla ya siku hiyo, mashine ya kukatia makaratasi magumu ilinichukua kidole gumba cha mkono wa kulia. Chote. Ripoti ya kiwanda ikaandika: "Uzembe wa mfanyakazi." Niliisaini kitandani, kichwa kizito kwa dawa, kwa mkono wa kushoto, saini kama ya mtoto wa chekechea.

Nikatolewa kwenye mashine, nikapewa ufagio.

Ufagio niliuzoea. Kilichoniuma ni bwawa.

Mimi na kaka yangu tumekua tukivua kwa mshipi wa mkono. Sasa bila gumba, samaki mzito akivuta, uzi unakimbia na kuchana vidole vilivyobaki. Nilijaribu mara moja, nikarudi na kitambaa kimelowa damu.

Kaka ndiye msimamizi wa zamu yangu kiwandani, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi wa Jumapili. Akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, mambo ya maji basi. Kaa nyumbani, pumzika."

Nipumzike? Miaka thelathini na tisa, nimekuwa gogo?

Ndipo nikasikia habari za rili, kile kifaa cha kukunjia uzi, ya aina inayolala juu ya fimbo. Ukirusha chambo, bobini yake, kigurudumu kinachobeba uzi, inazunguka yenyewe, na kidole gumba ndicho kinachoituliza isikimbie kupita kiasi. Ukiizoea, unatua chambo pale pale unapotaka, na samaki mzito haitikisi.

Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: "Hiyo ni rili ya gumba. Siyo yako."

Jamani, Mungu alinipa magumba mawili! Mbona la kushoto mnalisahau?

Basi, turudi dukani.

Mwenye duka ni mwanaume wa makamo, ndevu hadi kifuani. Nitamwita Ndevu. Alipoona sibanduki, akaanza mahubiri.

"Dada, wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa."

"Sikuja kuvunja chawa. Nimekuja kununua rili."

Akataka kucheka, akajizuia. Akakuna ndevu. Halafu akatoboa.

"Nilipigiwa simu. Mwanaume. Alisema akija dada asiye na gumba, nisimuuzie, atakuja kujiumiza, na lawama itakuwa yangu."

"Jina lake?"

"Hakutaja. Ila alikuwa kama mtu anayetaka kulia."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Mwanaume aliyejua nakwenda dukani ni mume wangu tu. Nikajisemea, baba watoto, leo utanitambua.

Lakini kwanza kilichonileta.

"Geuza kibao chako," nikamwambia Ndevu. "Lawama naibeba mwenyewe. Leta rili."

Akanitazama. Akageuza kibao.

Ya kwanza aliyoniletea ilikuwa ya bei mbaya, mkono wake wa kuzungushia uko upande wa kushoto. "Wewe sasa ni wa kushoto," akasema. "Hii ndiyo yako."

Nikaifunga kwenye fimbo, nikaishika kwa kushoto, gumba juu ya bobini. Safi. Sasa nivute uzi.

"Fimbo iko kushoto, na mkono wa rili uko kushoto. Nizungushe kwa meno?"

Ndevu akairudisha rafuni.

Akaleta ya kawaida, yenye mkono upande wa kulia, ile wanayonunua watu wote. Nikaigiza kurusha kwa kushoto, kisha kulia ikazungusha. Ikaingia kama ufunguo kwenye kitasa chake.

"Ajabu," akasema taratibu. "Wenzako wenye rili hii wanarusha kwa kulia, halafu wanahamishia fimbo kushoto ndipo wazungushe. Wewe huhamishi kitu."

"Haya, sasa tuzungumze biashara."

Akashusha nyingine za upande huo nichague. Ya tatu ilikuwa nyekundu, inang'aa, mzunguko mmoja wa mkono bobini inazunguka mara nane. Nzuri kwa macho. Lakini vishikio vyake vyembamba kama penseli, vikaniponyoka. Nikaiweka chini.

Ya nne nyeusi, sura mbaya, haina haraka. Mkono mrefu, vishikio vinene vya mpira laini. Nikavikumbatia kwa vidole vinne na kiganja. Vikakaa. Ubavuni ina breki ya sumaku, namba moja hadi kumi.

"Hii."

"Kweli? Ile nyekundu watu wanaigombania."

"Waache wagombane."

Ndevu akawa mwalimu. "Breki anza na kumi, uipunguze kadiri unavyozoea. Funga kipande cha risasi, kile kizito cha kuzamishia chambo, kwenye uzi, achia bobini. Kikishuka polepole, na kikigusa chini bobini ikasimama, umekaza skrubu ya bobini sawasawa. Na usirushe kwa hasira."

Hilo la mwisho lilinishinda, maana nilifika nyumbani nimefura.

Nikamkuta mume wangu ananyoosha shati kwa pasi, nikamfokea: "Ni wewe umepiga simu!"

"Simu gani tena?"

Akaapa kwa mbingu na ardhi. Sikumwamini. Nikamnunia siku tatu nzima.

Siku hizo tatu nilifanya mazoezi uani, nalenga ndoo. Mara ya kwanza uzi ulifumuka juu ya rili kama nywele za mtu aliyekurupushwa usingizini. Mara ya pili, vilevile. Ya kumi, vilevile. Na mkono wa kushoto ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine.

Siku ya nne nikamkuta mume wangu amechuchumaa, anafumua mafundo ya uzi wangu kwa sindano, kimya kimya.

"Mtu aliyekuzuia kununua," akasema bila kuinua kichwa, "angekaa hapa kufungua mafundo?"

Nilikosa pa kuuficha uso. Nikamwomba radhi.

Wiki ya tatu risasi iliingia kwenye ndoo mara tano mfululizo. Breki ilikuwa namba sita.

Jumapili nikatokea bwawani.

Wanaume wa kikundi wakatazamana. Mmoja akasema, "Mwenyekiti, dada yako anavua au anapeperusha kishada?" Wakacheka. Kaka hakucheka. Aliutazama mkono wangu, akageuza uso.

Nikarusha. Chambo kikatua kando ya matete, pale pale nilipopataka.

Sitawadanganya kwamba nilipata samaki papo hapo. Nilirusha mpaka bega likauma. Kisha uzi ukakaza, fimbo ikainama, na kambale mzito akaanza kuuburuta uzi kuelekea kwenye matete. Gumba langu la kushoto likakandamiza bobini. Vidole vinne vya kulia vikazungusha.

Hakuna aliyecheka tena.

Nilipomtoa nchi kavu, watu wakapiga makofi. Kaka yeye aliketi kwenye tope na suruali yake safi, akaanza kulia kwa sauti.

"Ni mimi niliyepiga simu," akasema. "Mumeo aliniambia unakwenda dukani."

"Kwa nini, kaka?"

"Kila ukiunyoosha mkono ule, nasikia ile mashine."

Nikadhani ni huruma tu. Nikamshika bega. Akaniondoa mkono.

"Hujanielewa. Hukufanya uzembe wowote. Nilidhani umeshatoa mkono. Mimi ndiye niliyekanyaga pedali ya mashine. Na ile ripoti niliiandika mimi."

Nikailaza fimbo chini.

Miaka miwili nilikuwa najilaumu mbele ya kioo. Miaka miwili nafagia kwa kosa lisilo langu.

Nikamwambia, "Kukanyaga pedali ilikuwa bahati mbaya. Hilo nimekusamehe. Kuandika uongo na kupiga simu ulikusudia. Kesho unaandika ripoti upya, la sivyo naiandika mimi."

Aliandika. Akavuliwa usimamizi. Mimi nikarudishwa kwenye mashine.

Mama aliposikia alikuja juu. "Umemchongea nduguyo! Damu nzito kuliko maji!"

"Mama, damu iliyomwagika pale ilikuwa ya nani?"

Mpaka leo salamu zangu na mama ni za mkato, na kaka haji bwawani. Inaniuma, sisemi haiumi. Lakini ningerudishwa siku ile, ningesema yale yale.

Nililojifunza ni hili: mtu akikuonea huruma hadi anakuamulia maisha, mtazame vizuri, huenda anajihurumia mwenyewe.

Na wewe unayetafuta rili yako ya kwanza, ishike kwa mkono wako. Usiichague kwa midomo ya watu.