Glasi Isiyo na Ramu

Siku yangu ya kwanza jikoni sikushika hata mwiko. Shefu wa pestri, yaani mkubwa wa keki na vitamutamu katika hoteli moja ya mjini, alinipa biskuti nyembamba ndefu na bakuli la kahawa nyeusi iliyopoa, akasimama nyuma yangu. "Chovya, toa. Usiilaze." Nikailaza. Binti wa Kaloleni mimi, nimezoea kulowesha mkate kwenye chai mpaka ulegee. Biskuti ikanikatikia humo ndani. Nikajua nimefutwa.

"Hapa si kwenu, mama," akasema. "Hapa biskuti inaonja kahawa, hainywi."

Ndivyo nilivyoanza na tiramisu. Nyinyi mnaoingia kazini leo mnaijua kwenye simu kabla ya kuionja. Sisi tulipiga viini vya mayai na sukari juu ya mvuke mpaka mkono ufe ganzi, tukachanganya na maskapone, jibini laini lisilo na chumvi, kisha tukapanga: biskuti, krimu, biskuti, krimu, na kakao juu. Kwenye kahawa tulitia ramu. Tuliipanga kwenye trei kubwa, tukakata vipande.

Halafu akaja meneja wa vyakula, akataka kila mgeni apate glasi yake. Hapo ndipo nilipopoteza usingizi. Trei husamehe, kipande kikibomoka mnakila jikoni. Glasi inaonyesha kila kitu, tena huwezi kuionja, maana ukitia kijiko umeshaiharibu. Wenzangu walinicheka kwa kuziinua kwenye taa nikizikagua. Niliwajibu kwamba wasiwasi ndio akili.

Basi ikafika siku ya kuniaga, nikistaafu. Tuliambiwa tuje na waume na wake zetu kwa chakula cha mchana. Mume wangu, Baba Nekesa, ni fundi wa masanduku ya bati Shauri Moyo. Alikuwa ameacha pombe tangu Pasaka. Nyumbani vyombo vilikuwa vimeacha kurushwa, amani imerudi, na yeye mwenyewe aliniambia kwamba tone moja tu lingemrudisha kule. Kwa hiyo nilitengeneza glasi moja isiyo na ramu, nikaweka punje ya kahawa juu yake, nikamwambia mhudumu, "Hii yenye punje ni ya mzee wangu."

Nikaenda kuvua aproni. Shefu mpya, kijana mwenye moyo mzuri, akaiona ile punje, akaipenda, akaziwekea glasi zote ili kuniheshimu.

Nilikuwa meza kuu, meneja akihutubia, trei zilipotoka. Kila glasi ilikuwa na punje. Kule mwisho wa ukumbi nikamwona Baba Nekesa, glasi mbele yake, kijiko mkononi.

Nikainuka.

"Mama Nekesa, bado nakusifu!" meneja akasema. Watu wakaangua kicheko. Sikuwajali. Nilipita kati ya viti nikigonga mabega ya watu, nikiomba Mungu kimoyomoyo.

"Umekula?"

"Bado." Krimu ilikuwa haijaguswa. "Nimesikia harufu yake ilipowekwa tu."

"Sasa mbona umeshika kijiko?"

Hakuniangalia. "Mkono umekataa kukiachilia. Nilikuwa nakungoja."

Nikafungua vidole vyake kimoja kimoja. Vilikuwa baridi. Tukatoka nje, na hotuba ya kuniaga sikuisikia mwisho wake hadi leo.

Nimestaafu, lakini nyumbani Kaloleni bado natengeneza tiramisu za vikombe kwa harusi na ubatizo. Ramu haiingii nyumbani kwangu. Vijana wa mtaa wa Kware huja na oda zao, wakiuliza, "Mathe, kwani hii haina kitu?" Nawaambia ina kahawa, iwatoshe.

Anayechovya biskuti ni Baba Nekesa. Ana mkono mwepesi kunishinda, chovya, toa. Mimi napiga krimu huku nikimtazama mikono, naye anajua namtazama. Wakati mwingine yeye mwenyewe ananinyooshea mkono nikague, kama nilivyokagua glasi. Siku nyingi mkono umetulia. Siku usipotulia naweka bakuli la krimu chini, nakaa naye, nimeushika. Krimu ikiharibika, nitapiga nyingine.