Namba kwenye Tako la Binti Yangu

Baba mkwe wangu alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Siku hizi kazi yake ni kulowesha timbre za zamani, zile stempu za barua, ili zibanduke kwenye bahasha. Muhuri wa timbre hizo hauna jina la mji, una namba tu, na namba hiyo njo inamwambia ni posta gani iliyoupiga. Sawa, atafute. Lakini kwa nini kwenye beseni la mutoto wangu, tena asubuhi ya ubatizo?

Mimi sikuziona. Nilikuta maji, nikaongeza ya moto, nikamwogesha binti. Nilipomgeuza nimpake mafuta, timbre moja nyekundu ilikuwa imeganda takoni.

"Usivute!" baba mkwe alipiga kelele. "Utapasua namba! Iache ikauke, itatoka yenyewe."

"Papa, misa inaanza!"

Akaleta kioo chake cha kukuzia, akainama juu ya mutoto. "Naona tano... ama ni tatu. Mama, mushike vizuri, anatikisika."

"Ni mutoto, Papa, si meza!"

Kwa hasira nikamfunga kitambaa na kumvika gauni jeupe juu ya hiyo timbre yake, nikatoka. Alitufuata mbio mpaka kanisani, yeye ambaye tangu niolewe sijamwona kwenye misa hata mara moja. Padri alifurahi sana, akampa kiti cha mbele. Alipoinua maji ya ubatizo, mzee akasimama.

"Kichwa tu, Padri! Maji isishuke chini!"