Honi kwenye Kona za Korsika

Nilikwenda Korsika kwa sababu ya geti. Nilikuwa nimelikwaruza geti letu la Bellevue, Johannesburg, kwa kigari changu, na watoto wangu wakakaa kikao kunijadili kana kwamba mimi simo sebuleni. Wakaamua gari liuzwe. Lindiwe, binti yangu mkubwa, akataka kunipoza.

“Mama, tutaliuza tukirudi. Kwanza nakupeleka likizo kisiwani, huko Ufaransa. Wewe relax, mimi naendesha.”

Nikamwambia sawa, ila na mimi niandikishwe kuwa dereva wa gari la kukodi. Akacheka, akakubali.

Hapa Johannesburg watu wananijua kama mjane wa mpigania uhuru aliyenioa Tanzania akanileta kwao. Hawajui kwamba nikiwa msichana nilishusha kabichi kutoka Lushoto hadi Mombo kwa pikapu ya baba, kona baada ya kona, breki zenyewe za kubembeleza.

Tulitoka Ajaccio, mji mkuu wa Korsika, asubuhi. Gari lilikuwa dogo, usukani kushoto, na huko magari hupita kulia. Kisiwa ni milima mitupu iliyochomoza baharini, na barabara zake ni nyembamba ajabu. Lindiwe aliendesha kama yuko kwenye barabara pana za Joburg. Kona ya tatu nilishindwa kuvumilia, nikanyoosha mkono nikabonyeza honi.

“Eish, Mama! Usipige honi kama teksi inayoita abiria. Aibu!”

Nikaurudisha mkono mapajani. Mimi kunyamaza ni kazi ngumu, marehemu angekuwepo angewaambia.

Jioni tulifika Evisa, kijiji cha juu milimani, baada ya kupishana na nguruwe waliojilalia barabarani bila wasiwasi. Mwenyeji wetu, Bi Letizia, alitupikia ugali wa unga wa kokwa za miti ya huko ziitwazo chestinati, mweusi na mtamu kidogo, kwa jibini. Nilikula kwa mkono, akafurahi. Lindiwe hakula. Kwenye kona ya mwisho alikuwa amekutana na lori uso kwa uso, na alikuwa bado anamsimulia mwenyeji wetu.

“Hukupiga honi?” Bi Letizia alimuuliza kwa Kiingereza chake cha kuongea na wageni. “Hapa sote tunapiga. Lori lingekusubiri.”

Sikumtazama mwanangu. Nilijiongezea jibini.

Kesho yake asubuhi Lindiwe akanipa ufunguo mwenyewe. “Kidogo tu, Mama.”

Karibu na kijiji cha Piana barabara imechongwa kwenye miamba myekundu, na bahari iko chini kabisa, upande wa abiria. Nilipiga honi, nikajibiwa, nikasimama. Likatokea basi la watalii, na nyuma yake foleni ya magari. Wa kurudi nyuma nilikuwa mimi.

“Tuite mtu atusaidie,” Lindiwe alisema.

“Nani, polisi wa Bellevue? Angalia kioo chako, uniambie ule ukuta mdogo wa ukingoni uko wapi. Bahari achana nayo.”

Niliogopa, sitadanganya. Lakini mikono iliikumbuka ile pikapu. Nikarudi nyuma polepole, kona nzima, Lindiwe akiniita “kushoto, Mama, sawa, njoo,” hadi kwenye upenyo wa kupishania. Basi likapita. Dereva akavua kofia, watalii wakapiga makofi. Niliona fahari, na sioni haya kusema: nilitoa mkono dirishani nikawapungia kama rais. Kutoka hapo hadi Ajaccio niliendesha mimi, nikipiga honi kila kona, na nyingine hazikuwa hata kona.

Huko nilijifunza jambo moja. Nilikuwa nimeanza kuwaamini watoto waliposema siwezi, na nadhani hilo ndilo lililonikwaruzisha geti.

Tuliporudi Johannesburg, kigari changu kilikuwa kinatusubiri uwanja wa ndege, tulikokiacha. Lindiwe alikwenda moja kwa moja mlango wa abiria, akafunga mkanda. Hakutaja kuuza. Tulipoikaribia kona ya mtaa wetu, ile iliyozibwa na ukuta mrefu, akasema:

“Piga honi, Mama.”

Nikapiga mpaka wadogo zake wakatoka mbio kufungua geti, nikapita katikati bila kuligusa.