Pazia la Gunia

Phelesia alikuwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, na kwa mdomo hakuna aliyemweza katika soko la Awendo. Mteja akigusagusa omena bila kununua, alimwuliza kama amekuja kuwasalimia. Mdomo huo wote ulifungwa na mtu mmoja tu: Jared, mkata miwa, mume wa bintiye Mourine. Jared akitokea upande huu wa soko, Phelesia alivuta leso kichwani akapitia upande ule. Si kwamba walichukiana. Kwetu Wajaluo, maro, yaani mama mkwe, na mume wa bintiye huheshimiana kwa kuepukana. Hawashikani mikono, na maro halali nyumbani kwa mkwe. Ndiyo maana siku za soko, akitoka Homa Bay na mizigo yake, Phelesia alilala kwangu ilhali nyumba ya Mourine ilikuwa jirani tu. Nilizoea kumtania kwamba mvua itamwangusha mlangoni kwa Jared siku moja, nione atafanya nini.

Mvua ikaja kweli, ile ya El Nino, mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Vyoo vilifurika, visima vikachafuka, na kipindupindu kikaingia. Watu wa shirika moja la msaada wakasimamisha mahema mawili kwenye uwanja wa shule ya msingi, moja la wanaume na jingine la wanawake. Mimi nilipata kazi ya kupika uji wa wagonjwa. Vitanda vya mle vilikuwa vya turubai, vina tundu katikati na ndoo chini yake, na mgonjwa alilala hapo bila nguo za chini, amefunikwa shuka, kwa sababu kuhara hakukumpa nafasi ya kuinuka. Ugonjwa ule ulimvua mtu heshima kabla ya kumwua. Sitaki kueleza zaidi.

Kisha upepo ukang'oa hema la wanawake na kulipasua vipande viwili. Wagonjwa wote wakahamishiwa hema moja, wake kwa waume. Jared alikuwa ameletwa jana yake, na Mourine alikuwa akimuuguza. Asubuhi hiyo wachuuzi wenzake wakamleta Phelesia kwa mkokoteni, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana. Walipofika mlangoni akamwona Jared, akashika mti wa hema asipitishwe.

"Daktari, siingii hapo," alisema, sauti imemkauka. "Huyo ni mkwe wangu."

"Mama, hapa hakuna mambo ya mkwe. Hapa ni wagonjwa tu," alijibu Nyangau, muuguzi mkuu, ambaye sote tulimwita daktari.

"Basi niweke nje."

"Nje ni mvua. Dripu nitaifunga wapi?"

"Siwezi kuvuliwa nguo mbele ya bwana ya mtoto wangu. Heri nife."

Nyangau alikuwa Mkisii, na Wakisii wana heshima zao za ukwe, pengine kali kuliko zetu. Alijua vizuri anachoambiwa. Lakini alikuwa amechoka, wagonjwa walikuwa wanazidi kuletwa, na uvumilivu ulikuwa umemwishia. Alimwambia Mourine azungumze na mama yake, kwa kuwa akikaa hapo bila dripu atakufa. Mourine akapiga magoti matopeni akimsihi. Phelesia akajifunika uso kwa leso, akaketi pale pale mvuani. Niliwakasirikia wote, yeye zaidi, na bado nilijua kwamba mimi pia nisingeingia.

Jared alikuwa amesikia kila neno. Alijifunga shuka kiunoni, akaitungua chupa ya dripu sindano ikiwa bado mkononi, akatokea nyuma kwa kuinua turubai, ili asimpite mama mkwe mlangoni. Akaenda kuketi barazani kwa stoo ya shule. Nyangau alimfuata na kumwamuru arudi kitandani.

"Daktari, mimi nimepata nafuu," Jared alisema. "Shughulika na mama kwanza."

Nafuu yenyewe ilikuwa ya mdomoni. Lakini Nyangau alikuwa na mwanamke anayekata roho mlangoni, akageuka akamkimbilia. Phelesia alikubali kuingizwa. Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kile cha Jared. Kikapuliziwa dawa, akalazwa.

Mourine alisimama barazani akiinua chupa ya mumewe. Baada ya muda wakamwita ndani, mama yake anatapika na hakuna wa kumshika. Alisita, na Jared akamwambia, "Nenda. Nitashika mwenyewe."

Aliishika juu ya kichwa chake kwa mkono uliozoea panga la miwa. Nilimpita nikienda kuchota maji. Niliporudi na kikombe cha uji, mkono ulikuwa umeshuka na chupa imelala mapajani. Dripu haipandi mlima. Damu yake ilikuwa imerudi kwenye mpira. Nilimwita. Nilikuwa bado namwita Jared, ndipo Mourine akatoka hemani mbio, uso una matumaini.

"Jared, mama anasema rudi ndani," alisema. "Anasema atafumba macho."

Walimpulizia Jared klorini, wakamfunga kwa plastiki, na wanaume wenye buti za mpira wakamzika jioni hiyo hiyo bila matanga. Phelesia alipona. Siku ya kuruhusiwa alipita kwenye ile stoo, mlango ukiwa wazi, akaona magunia matupu ya mahindi yamerundikwa hadi dirishani. Alisimama hapo mpaka Mourine akamvuta mkono.

Sokoni wako waliosema kwamba maro amemla mkwe wake ili apone yeye. Wateja waligusagusa omena wakaondoka, asiseme kitu, na ukimya huo uliniuma kuliko maneno yao.

Mwaka uliofuata kipindupindu kilizuka kwenye ufuo mmoja wa Homa Bay, nasi tukasikia kwamba hema limesimamishwa. Phelesia alinisihi nimsindikize. Alibeba mgongoni magunia aliyoyafumua na kuyashona yakawa pazia moja refu, na kamba juu yake. Muuguzi wa hapo, binti mdogo aliyeitwa Emmah, alimpokea mlangoni.

"Hii ifungwe katikati," Phelesia alimwambia. "Kabla ya dripu."

"Sawa, mama. Uko na mgonjwa hapa ndani?"

"Hapana," alisema Phelesia. "Nilikuwa na mkwe."